Mstari Mmoja, na Chupa Ndani ya Unga

Chirundu, tarehe 11 Januari. Ni mwaka wa tatu tangu nitoke kwetu Mongu.

Shangazi wa redio, shikamoo. Nisikilize mwanao, nimechoka na nacheka kwa wakati mmoja. Mimi nauza mwili kwa madereva wa malori hapa mpakani, sina haja ya kukuficha, na dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi nameza tangu mwaka juzi, ila wenzangu hawajui, chupa naificha ndani ya unga wa nshima, ugali wetu. Juzi Bana Mwiche, mwenzetu wa kazi anayetugawia vipimo vya kujipima wenyewe, alitukuta saluni tunasukana akauliza, "Mabibi, nani yuko kwenye dawa tayari? Kipimo hiki si chake," hakuna aliyejitaja, nami nikanyamaza, maana Regina alikuwepo na mdomo wa Regina unasikika mbali kuliko redio yako, basi nikapewa, nikajipangusa ufizi kama wenzangu, tukasubiri, na Shangazi, ukatoka mstari mmoja tu! Sina! Regina akapiga vigelegele, "Namakau, wewe chuma!" nami nikacheza na nywele nusu hazijasukwa. Tangu siku ile sijagusa chupa, ya nini kumeza dawa ya ugonjwa usiokuwepo, tena mwezi huu naenda kwetu, na mama yangu ana tabia ya kupekua mizigo. Je, niitupe mtoni? Natarajia kufika nyumbani kabla maji ya mafuriko hayajajaa bondeni kwetu.

Namakau

Marahaba, Namakau. Nimecheka nawe mpaka ulipofika kwenye chupa, kicheko kikanikauka.

Mwanangu, hujapona. Dawa zimevilaza virusi, na mwili uliopumzika vita huacha alama chache za kinga mdomoni, kipimo cha ufizi kinaweza kuzikosa. Ndiyo maana Bana Mwiche aliuliza! Umekidanganya kipimo, ugonjwa hukuudanganya. Ukiendelea kuacha, vitaamka, na havitapiga hodi.

Ikung'ute chupa unga, umeze leo dozi yako ya kawaida, usiongeze ya kufidia. Kesho nenda kliniki yako, sema wazi kwamba uliacha, na uombe dawa za kutosha safari. Kisha mfuate Bana Mwiche peke yake, umwambie. Na Regina usimwogope: Bana Mwiche alipouliza, naye alinyamaza. Unajuaje unga wake una nini ndani?

Mongu nenda, kabla maji hayajajaa. Chupa iweke juu kabisa ya mzigo. Mama akipekua, aanze nayo, halafu ainue macho amwone binti yake alivyonawiri.