Ndiye au Siye

4 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila macho yananiwasha kwa kutazama kompyuta kutwa nzima. Hofu ni kwako wewe na shangazi, na hilo gari la watu linalokula mgongo wako. Kifua kinaendeleaje?

Uliniuliza kazi yenyewe ni ipi hasa. Tunakaa watu arobaini kwenye ukumbi usio na madirisha, simu zetu tumezifungia kwenye makabati mlangoni. Kwenye kompyuta zinakuja picha mbili za mtu, ya zamani kushoto, ya leo kulia. Chini kuna vitufe viwili: NDIYE na SIYE. Nabonyeza, zinakuja nyingine. Hatuambiwi ni za nani wala ni kampuni gani inayouliza. Kila mtu ana sekunde nne. Ukizidisha, msimamizi anaona mstari mwekundu kwake.

Juzi tulicheka nusura tufukuzwe. Ilikuja picha ya mzee mmoja, mdomo umekimbilia sikioni, kope moja imeanguka kama anatukonyeza, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Jirani yangu akasema, "Huyu kaiba akaunti ya mtu, anajikunja uso asijulikane." Nikamjibu, "Basi kajikunja, kasahau kujikunjua." Tukampa jina la Bwana Konyeza. Nikabonyeza SIYE, tukasonga mbele. Mpaka leo tukichoka mmoja wetu anapinda mdomo, na mwenzake hana mbavu.

Msomee shangazi hiyo, najua ataipenda.

Mwanao,
Kasuku

21 Machi

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Kifua hakijambo.

Aliyenisomea barua ni shangazi yako, kwa sababu jicho langu moja linachuruzika machozi nikisoma. Alipofika kwa yule mzee akaanza kucheka. Alipofika kwenye kofia akanyamaza, akaniangalia, akataka kuikunja karatasi. Nikamwambia, "Malizia."

Bwana Konyeza ni mimi.

Nilipatwa na kiharusi kidogo mwezi wa pili. Mkono na mguu vilirudi upesi, uso bado. Tulikubaliana tusikwambie, maana ulikuwa kwenye majaribio ya kazi na tuliogopa utaacha kila kitu uje. Daktari alinipima macho, akaniruhusu kuendesha mchana.

Siku ile nilikuwa nje ya hospitali, nimempakia mama mmoja mwenye plasta mguuni. Programu ya teksi kwenye simu ikaomba picha ya uso wangu, kama inavyowaomba madereva wote kila wiki. Nikatazama. Punde ikaandika: "Wewe si mwenye akaunti hii." Nikajipiga picha tena, ikakataa. Yule mama aliisoma begani kwangu. Akashuka na magongo yake, akaenda kumwambia mlinzi kwamba amepanda gari la mwizi. Mlinzi akanikwida. Nilijitetea, lakini kwa mdomo huu maneno yanatoka yamelowa, wakadhani nimelewa. Waliniweka chini, juu ya lami, watu wanapita.

Nina swali moja tu. Ile picha ya kushoto ulinipiga wewe mwenyewe, hapa sebuleni, siku niliyojisajili. Ulininyoosha kola kwanza. Nayo hukuitambua?

Baba yako

3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali kwa mdomo gani.

Sikuitazama ya kushoto. Huo ndio ukweli, na naona aibu kuuandika. Ukifanya kazi hii unajifunza kuiba sekunde: ya kulia ikiwa na kasoro, unabonyeza bila kuhangaika na nyingine. Wote tunafanya hivyo. Nimelia chooni siku mbili.

Sasa nisikilize, Baba, na usinielewe vibaya. Hapa ukikosea mara tatu katika miezi mitatu, kazi huna. Mimi nimeshakosea mara mbili. Nikienda leo kusema kwamba SIYE ile ilikuwa NDIYE, hilo ni la tatu. Mwisho wa mwezi makosa yanafutwa na tunaanza upya. Nivumilie mpaka hapo, nami nitalimaliza mwenyewe. Na tafadhali, usikate rufaa. Watachunguza nani aliyebonyeza, na watanifikia.

Fanya mazoezi ya uso kama daktari alivyosema.

Mwanao,
Kasuku

28 Mei

Mwanangu Kasuku,

Wiki nane sijapata neno lako. U mzima? Sisi tupo.

Mwezi ule uliisha, sasa na mwingine unaisha. Rufaa sikukata, kama ulivyoniomba. Mwenye gari alisubiri wiki tatu, akachoka, naye ana haki. Dereva mpya alikuja kuchukua ufunguo. Nikamwonyesha jinsi gia ya pili inavyogoma, akashukuru, akaondoka.

Nashinda barazani. Abiria wangu wa zamani wakipita wananisalimia huku wanatazama ukuta. Shangazi yako anasema mchuma janga hula na wa kwao. Nimemkataza kulisema hilo tena humu ndani. Mtoto ana kazi, nimemwambia, ana wakubwa juu yake.

Niandikie, hata mstari mmoja. Si kwa ajili ya akaunti.

Baba yako

16 Juni

Baba yangu,

Shikamoo! Nisamehe kwa kimya. Akaunti yako imefunguliwa! Nilingoja makosa yafutwe, kisha nikangoja nithibitishwe kuwa msimamizi wa zamu, ndipo nikaipeleka picha yako kwa mkubwa kama kosa la mfumo. Akafurahi sana. Akasema inafaa kuwafundishia wapya, wajue kwamba ugonjwa hubadilisha uso.

Kuna jambo nataka ulisikie kwangu. Niliyefundisha ni mimi. Picha yako iliwekwa ukutani, kubwa kama mlango, nami nikawa naonyesha kwa fimbo: hapa mdomo, hapa kope. Walicheka kidogo, nikawanyamazisha. Msichana mmoja akauliza, "Dada, unamfahamu huyu mzee?" Wote wakanitazama. Nikasema hapana. Ningesema nini, Baba, siku yangu ya kwanza ya usimamizi?

Sasa jipige picha mpya, bila kofia, kwenye mwanga. Nimepata likizo, nitakuja Jumamosi ya mwisho wa Julai. Nitakaa siku tatu.

Mwanao,
Kasuku

30 Juni

Barua imefika.

Nilijipiga picha bila kofia. Simu ilinikubali papo hapo, ikaniandikia "Karibu tena, dereva." Gari sina, kwa hiyo nikaifuta akaunti.

Kwa ile SIYE uliyobonyeza, nilikutetea kwa shangazi yako. Nilisema mtoto alipewa sekunde nne, hata malaika angekosea. Mbele ya wale vijana hukuwa na haraka. Ulikuwa na picha yangu kubwa kama mlango, na muda wote uliotaka.

Jumamosi hiyo usije. Ukija, shangazi yako atakufungulia, atakupa maji ya kunywa, na atakwambia sipo. Nitakuwa chumbani, nakusikia. Usimlaumu. Nimemfundisha mimi kusema hivyo, amekataa mara mbili, ya tatu akakubali.