Rectilinear Juu ya Mlango Wangu

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu nyingi sana kutoka kwa dada yako. Kile kifua kimepona? Unakula chakula cha maana, au bado ni chai na mkate tu? Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Najua Kaka Mkubwa ameshakupigia simu kukueleza kwamba nimeaibisha ukoo. Sasa sikia kwangu.

Saluni imefunguliwa hapa hapa chumba cha mbele, na jina lake nililipata kwa mteja, mwalimu wa hisabati. Nilipomaliza kumsuka alijitazama kwenye kioo, akapitisha kidole kwenye mistari ya kichwani, akasema, "Hii ndiyo rectilinear." Nikamuuliza kama ni tusi. Akacheka, akasema ni Kiingereza cha kitu chenye mistari iliyonyooka. Miaka yote nasuka, sijawahi kusifiwa hivyo! Nikaliandikisha kwenye bango, nikalitundika juu ya mlango.

Wiki haikuisha. Jirani mwenye duka la dawa akamnong'oneza Kaka kwamba neno hilo lina undugu na "rectum", jina la kidaktari la utumbo wa mwisho, ule wa haja kubwa. Kaka akaja mbio, saluni imejaa.

"Shusha hilo bango! Umeandika makalio kwenye nyumba ya Baba!"

Wateja waliangua kicheko. Mimi machozi yalinilenga. Lakini sikushusha.

Nilimwendea mwalimu. Akanieleza kwamba neno limetoka Kilatini: "rectus" ni kilichonyooka, "linea" ni mstari, na huo mstari nao ulitokana na uzi wa kitani. Uzi, mdogo wangu! Na mimi nashinda na nyuzi mkononi. Kuhusu utumbo, undugu upo kweli: waganga wa kale waliuita ulionyooka kwa sababu walizoea kupasua wanyama, na wa wanyama umenyooka. Wa binadamu una kona zake. Basi aliyejipachika jina lisilomfaa ni utumbo, si mimi.

Nikampa Kaka maelezo yote. Akanijibu, "Watu hawaulizi asili. Wanasikia harufu."

Alhamisi nilipokwenda sokoni akapanda ngazi, akang'oa bango, akalipasua kuni.

Sikumtukana. Nilinunua kopo la rangi nyeusi, nikapanda juu ya meza, nikaliandika neno lile lile ukutani, kila herufi urefu wa mkono wangu. Mama alitoa kiti chake nje, akawa ananisimamia: "Hiyo ya tatu imelala, inyanyue."

Kaka aliporudi kazini alisimama barabarani, mkoba begani.

"Na hili je?"

"Hili liko ukutani, Kaka. Ukitaka kulishusha, anza na nyumba."

Akamtazama Mama, akingoja amuunge mkono. Mama hata hakuinua sauti. "Usiguse, mwanangu. Rangi mbichi, utachafuka."

Akaingia ndani. Mpaka leo hanisemeshi, na mimi nasuka.

Akikupigia tena, usimtetee wala usinitetee. Mwambie tu maana ya neno.

Nisalimie shemeji na wale mapacha wako, na mpangaji wenu pia. Mama anakutakia afya na anasema uvae nguo nzito. Mungu akulinde uendako na urudipo.

Ni mimi nikupendaye, nisiyeshuka,
Dada yako msusi