Kifua cha Kwao

Jumatatu, 8 Novemba 1999. Baraka.
Ugali umeiva. Migebuka nimeigeuza kwenye chanja. Moto wa kubanika samaki uko ndani ya nyumba tangu askari waanze kutuchukulia samaki uani. Macho yanawasha. Bahati wangu bado mchanga, anakohoa tena. Mama mkwe anasema kifua amekirithi kwetu, kwa kaka yangu mwenye pumu.

Jumatano, 10
Mbavu za mtoto zinazama akivuta pumzi. Tumekimbilia kituo cha afya. Amechomwa sindano. Muuguzi akauliza kama kuna watoto waliokufa kwa kifua katika familia. Nilimtaja kaka yangu mwenye pumu, ingawa yu hai. Mume wangu Asukulu akajibu, "Kwetu hakunaka." Muuguzi akaagiza moto utolewe nje: mtoto wa ukoo wenye kifua dhaifu hawezi moshi.

Njiani Asukulu akasema moshi hauna kosa, kosa ni damu yenu. Moto umebaki ndani. Nimemwamini. Naona aibu.

Ijumaa, 12
Wifi yangu Sifa, dada yake Asukulu, amefika kutoka Swima, akikimbia risasi. Hajatua mzigo, akamsikia Bahati akipumua. Akakaa chini.

"Hii ni kifua ya batoto ya mama," akasema. "Bale batatu balikufaka vile."

Watatu! Wadogo zake Asukulu. Wa mwisho, mume wangu alimbeba mwenyewe kwenda kumzika.

Anajitetea kwamba kwao mtoto aliyekufa kabla ya kuota meno hahesabiwi. Hana matanga, hatajwi. Kweli, ndiyo desturi yao. Lakini muuguzi hakuulizia matanga. Na mama yake aliyewazaa, aliyewazika, ananitwisha mimi lawama. Nawachukia wote wawili.

Jumamosi, 13
Nimetoa chanja nje kwa mikono yangu. Mama mkwe kafoka. Askari wakapita, wakabeba samaki wote. Wale, washibe. Homa ya mtoto bado kali.

Jumanne, 16
Homa imeshuka. Bahati ananyonya bila kukatisha.

Asukulu amejenga kibanda cha moto kule kwenye migomba. Kibanda kizuri. Aliomba chumvi, nikampa. Nimehamia kwenye mkeka wa Sifa, mtoto katikati yetu. Amenitajia majina ya wale watatu, polepole, kwa mara ya kwanza.

Kesho tunarudi kwa muuguzi, mimi na Sifa. Nitamwambia kwao wapo.