Brashi Yako Aliyoilainisha Barasa

Mpendwa Baba,

Sijakuandikia barua tangu nikiwa shule ya bweni, nikikuomba sabuni na viatu. Leo nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililokuficha, na hapa Bungoma sina mtu ninayeweza kumwambia.

Unakumbuka brashi yako ya zamani ya kunyolea ndevu, ilivyopukutika nywele ikabaki kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa? Wakati huo kiharusi kilikuwa kimekushika, mkono wa kulia hauinuki. Nilipokuja kukuona Kitale nilipitia dukani kwa Singh, nikakununulia mpya ya nywele za nguruwe. Nilijisifu njia nzima. Utotoni mimi ndiye niliyekushikia kioo kila Jumapili kabla ya kanisa, nawe ukinipaka povu puani. Nilijua kukunyoa ni kazi yangu.

Brashi ile ilikuwa ngumu kama ufagio na ilinuka kama banda la nguruwe. Povu halikushika. Maji tu yalikutiririka shingoni hadi kifuani. Ukageuza uso, ukasema kwa ulimi wako mzito, "Wanjiru, inanichoma." Nikakupangusa. Jioni nikarudi Bungoma dukani kwangu, kwa cherehani zangu, nikakuacha na Barasa, yule mwanamume wa Sirisia niliyemwajiri akutunze.

Niliporudi baada ya wiki tatu nilikukuta nje, umekaa juani, uso umeuinua, macho umeyafumba. Barasa alikuwa akizungusha brashi ileile shavuni mwako, na povu zito kama maziwa ya mala. Ukacheka. Tangu uugue nilikuwa sijakusikia ukicheka.

"Umeifanya nini?" nikamuuliza.

"Brashi mpya ni kama ng'ombe ya kurima, dada," akasema. "Razima ifundishwe kwanza."

Akanieleza. Kila asubuhi aliiloweka kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, akaisugulia sabuni kiganjani mwake mpaka povu likubali, akaisuuza na kuitundika ikauke. Kisha akawa anajinyolea nayo ndevu zake mwenyewe. Ncha za nywele zikapasukapasuka zikawa laini, harufu ikaisha, ndipo akaigusisha shavuni mwako. Ilinipasa kumshukuru. Niliingia jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Ulikuwa wivu, Baba. Nilimwonea wivu mtu ninayemlipa mshahara mwenyewe. Wiki zile tatu aliyekuwa nawe angeweza kuwa mimi, kiganja kile kingeweza kuwa changu. Siku ya pili nilikuomba nikunyoe, ukasema, "Pumzika mama, umetoka mbali. Kijana wangu atanyoa." Kijana wako. Usiku huo nililia, na sikuwa mtoto.

Mwisho wa mwezi nikamwachisha kazi. Nilimwambia nimepata mtu wa kunishikia duka, sasa nitamtunza baba yangu mwenyewe. Hakubishana. Akakunja nguo zake akaondoka wewe ukiwa umelala. Ulipoamka ukauliza, nami nikakwambia ameitwa kwao, mama yake ni mgonjwa sana.

Uliniangalia machoni. Kisha ukasema, "Basi tumwombee."

Tukaomba. Kila asubuhi kwa siku nane ulinishika mkono kwa mkono wako mzima, ukamwomba Mungu amponye huyo mama, amwondolee maumivu, ampe amani moyoni. Mimi nikaitikia amina.

Siku hizo nane nilikunyoa kwa brashi ile iliyokwisha kulainika. Hukulalamika. Ulisema, "Vizuri tu, asante," kama mgeni anavyosifu chai iliyopoa. Laiti ungelalamika. Kila ulipomaliza kunyolewa ulitazama langoni, halafu ukasema una usingizi. Siku ya tisa nilimwomba jirani akae nawe, nikaenda Sirisia.

Nilimkuta Barasa akipalilia vitunguu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanitoroka.

"Mzee anakutafuta," nikasema.

Akaendelea kupalilia.

"Nilimdanganya, Barasa. Nilimwambia mama yako anaumwa. Ukirudi atakuuliza."

Hapo akasimama. Alinitazama. "Ngoja nioshe miguu," akasema.

Alipoingia kwako jioni, swali lako la kwanza lilikuwa hilo. "Mama anaendeleaje?"

"Amepona, mzee."

"Mungu ni mwema," ukasema, na mkatazamana. Niliona mlivyotazamana na sikuelewa.

Ulituacha mvua zilipokwisha. Siku ya mazishi, watu wakila, nilimwambia Barasa amsalimie mama yake. Nilitaka tu kuwa na adabu. Akaweka sahani chini.

"Dada, mama yangu ariaga nikiwa darasa ra tatu."

"Baba alijua?"

"Nirimwambia tukifundisha ire brashi. Arijua."

Kwa hiyo ulijua, Baba. Siku nane ulinishika mkono ukimwombea mtu uliyejua yuko kaburini, na sasa ninafahamu ni nani uliyetaka apone. Aibu ilinijia, lakini ilikuja ya pili. Kilichotangulia ni wivu. Ninyi wawili mlikuwa na siri, na mimi nilikuwa nje yake.

Siku hizi Barasa anamtunza mzee mwingine, huko Kanduyi. Jumamosi nikifunga duka mapema huenda kumsalimia na mkate. Huwa namwomba anisimulie jambo moja la asubuhi zenu ambalo silijui. Husimulia, nami husikiliza huku moyo ukiniuma. Juzi aliniambia kwamba kila siku niliyotarajiwa kuja ulimwamsha kabla ya jua kuchomoza. "Ninyoe vizuri," ulimwambia, "Wanjiru wangu anakuja."

Hayo maneno yalikuwa yangu, Baba. Kwa nini ulimpa yeye?

Jumamosi hii nitaenda tena. Pumzika, nami nikifika huko siku yangu, unisimulie yaliyobaki wewe mwenyewe.

Binti yako,
Wanjiru