Waridi Lisilobandikwa

Shangazi Lamduan mpendwa,

Naomba unisaidie, tena haraka, maana nimefikwa na jambo ambalo hata usingizi siupati sawasawa. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, nina duka la miwani hapa Nakhon Sawan, sinywi, sichezi kamari, sina mwanamke wa pembeni, kitu ninachokipenda duniani ni stempu za kumbukumbu, na hasa zile za waridi zinazotoka kila mwezi wa pili, zile zenye harufu ukizisugua kwa kidole, ambazo mimi huwa mtu wa kwanza dirishani pale posta siku zinapotoka, nanunua karatasi nzima, siigusi kwa mkono, naishika kwa kibano, naitia kwenye plastiki naifunga, na chumba ninachozihifadhi ndicho chumba pekee chenye kiyoyozi nyumbani kwangu, kwa sababu joto letu hili likilainisha gundi stempu zinanatana na hapo kazi yote imekwenda na maji, mtu asiyejua ataona ni wazimu lakini wewe Shangazi ni msomi utanielewa.

Sasa kuna Rampha. Rampha anauza vitumbua vya tui pale sokoni kando ya mto, huu ni mwaka wa saba tuko pamoja, ni mtulivu, mchapakazi, kila asubuhi ananiletea vitumbua vya moto dukani, vyenye majani ya kitunguu juu kama ninavyotaka, na miaka yote hiyo ameniomba kitu kimoja tu, nimtumie barua yenye stempu ya waridi, ije kwa posta, mtu wa posta asimamishe pikipiki mbele ya meza yake aliite jina lake, na wanawake wenzake wote wasikie. Nikamweleza kwa upole kwamba stempu ikishabandikwa na kupigwa mhuri haina tena usafi wake, na ukichana moja umeiharibu karatasi nzima, nikamwambia basi nitakutumia barua kwa stempu ya kawaida, ile ya bendera, inafika vilevile, akanitazama tu akasema, "Haya, kaka Wirot, asante," na barua yenyewe sikuituma kwa kuwa niliona hana hamu nayo.

Usidhani mimi ni bahili, Shangazi, mwaka juzi nilimtengenezea bahasha ya siku ya kwanza, yenye waridi na mhuri wa siku ileile stempu ilipotoka, nikaandika jina lake kwa penseli ili liweze kufutika bila kuacha alama, nikampelekea mwenyewe mpaka kwenye meza yake, akaiangalia nikiwa nimemshikia, kisha nikaondoka nayo ili isichafuke, akaniuliza, "Na ndani kuna nini?" nikamwambia ndani kuna kadi ngumu ya kuizuia isikunjike, akacheka sana, nami nikarudi nyumbani nikijua amefurahi.

Baada ya Songkran, mwaka mpya wetu wa kumwagiana maji, mwaka huu kuna mtu anaitwa Damrong, muuza pampu za maji, amemtuma mama yake kwa Mama Bunchu, ambaye ni mama mzazi wa Rampha, kuulizia posa, na Mama Bunchu akaniita akaniambia, "Mwanangu Wirot, mimi sina neno na wewe, lakini binti yangu si mtoto tena. Nataka jibu kabla watawa hawajaingia mafungo ya mvua, maana wakishaingia hakuna harusi mpaka yaishe, na huyo mwenzio hana muda wa kusubiri." Jioni yake Rampha akaja kwangu tuzungumze, nikaenda jikoni kuchemsha chai, kurudi namkuta kwenye chumba cha kiyoyozi, ameitoa kwenye plastiki karatasi ya mwaka ule tuliojuana, anasugua waridi kwa kidole gumba, kidole kilekile cha mafuta ya vitumbua, ananusa! Nilipiga kelele, sikatai, nikamwambia, "Toa mkono wako mchafu hapo!" na yeye wala hakuniomba radhi, akasema, "Kaka Wirot, hili halinuki kitu. Harufu imeishia humohumo ndani." Akaiweka mezani, akavaa viatu vyake, akaenda zake, na mpaka leo vitumbua havijaja.

Shangazi, nina maswali mawili. Kwanza, alama ya mafuta ya kidole inaondolewaje bila kudhuru gundi? Pili, nifanyeje ili Rampha amkatalie huyo Damrong aningoje mpaka mwezi wa pili mwakani, ambapo nitanunua karatasi mbili, moja ya kuhifadhi, na hiyo ya pili tutaona? Nakuomba uchapishe jina langu na cheo changu kamili, ili wanachama wenzangu wajue mwenzao yamemkuta nini.

Wirot Saengchan,
Makamu Mwenyekiti, Chama cha Wakusanyaji Stempu,
Nakhon Sawan


SHANGAZI LAMDUAN ANAJIBU

Makamu Mwenyekiti,

Nimecheka mpaka nimekohoa, halafu nikakasirika, halafu nikaisoma barua yako tena nikidhani labda ni utani wa mtu. Kumbe si utani. Kumbe kweli kuna mtu mzima, mwenye duka na meno yake yote, aliyeketi akaniandikia haya.

Swali lako la kwanza: haiondoki. Nimemuuliza anayejua. Mafuta yakishaingia kwenye karatasi ndiyo yameingia. Pole sana. Na nimeona ni swali gani umeliweka la kwanza, usidhani sikuona.

Sasa tuje kwa binadamu. Wewe Wirot, hebu niambie, hizo stempu za waridi wanazitoa za nini kila mwaka? Za kuzitazama kwa kibano? Zinatolewa ili mwanamume mwenye aibu, asiyejua kusema, alipe baht zake tano, alambe, abandike, na mtu wa posta amsemee. Serikali nzima imekusaidia kutongoza! Imekuchorea ua, imelitia na harufu, imekupa na pikipiki ya kulipeleka. Na wewe ukalifungia kwenye plastiki na kuliwashia kiyoyozi. Mwenzio anatokwa jasho mbele ya chungu cha moto tangu alfajiri, waridi lako limepoa raha mustarehe.

Na hiyo penseli! Lo! Hapo ndipo uliponiacha hoi. Nimeishi mjini miaka mingi, nimeletewa visa vya waume walevi na vya wake waliotoroka na madereva wa malori, lakini mwanamume aliyeandika jina la mchumba wake kwa penseli ili aweze kulifuta, huyo ni wewe peke yako. Ukamshikia bahasha aitazame kama mtoto anayeonyeshwa kisu. Akakuuliza ndani kuna nini. Mwanamke akiuliza ndani kuna nini, Wirot, hajaulizia kadi ngumu! Na ule haukuwa mcheko wa furaha. Muulize mwanamke yeyote aliye karibu nawe hapo ulipo, atakueleza.

Umeniambia mkono wake mchafu. Mafuta hayo ndiyo yaliyokulisha miaka saba, kila asubuhi, na majani ya kitunguu juu kama unavyotaka. Hukuwahi kuyaona machafu yalipokuwa kwenye kitumbua. Shika adabu yako.

Mimi siwachukii wakusanyaji. Marehemu mume wangu alifuga majogoo ya kupigana, nyumba ikanuka, majirani wakanuna, mimi nikavumilia, kwa sababu siku nilipougua aliyaacha majogoo yake yakiwa na njaa akaja kukaa kando ya kitanda changu. Kila mtu na kichaa chake. Tabu ni pale kichaa kinapopewa chumba chenye ubaridi na mtu anaachwa mlangoni.

Jambo moja limeniuma kweli, na hapa sikutanii. Nimeipekua barua yako kutafuta neno kupenda. Limo. Ninachokipenda duniani, umeandika, ni stempu. Na neno mpendwa nalo limo, umenipa mimi, kikongwe usiyenijua hata sura. Rampha umempa nini? Mtulivu. Mchapakazi. Hivyo ndivyo mtu anavyomsifia punda! Kama humpendi, sema humpendi, mwache Damrong amchukue, na mwenye kuuza pampu angalau anajua maji lazima yatoke. Lakini mimi nadhani unampenda. Usingizi umekupotea, na umehesabu asubuhi zote ambazo vitumbua havikuja, ila umeona aibu kuniandikia ni ngapi. Unampenda, ila unangoja apate bei nzuri. Mwanamke hapandi bei kwa kufungiwa, baba. Anachoka, basi.

Kwa hiyo sikiliza, tena usilete ubishi wa chama chenu hapa. Toa karatasi ya mwaka huu. Sikiliza vizuri, ya mwaka huu, maana ile ya zamani imekwisha harufu na mwenyewe amekwambia. Chana waridi moja. Usitumie kibano, tumia vidole ulivyozaliwa navyo. Lamba, bandika, andika jina la Rampha kwa wino, na ndani uandike unachomtakia na lini utakwenda na wazee wako kwa Mama Bunchu. Kama huwezi kuandika zaidi ya mistari miwili, andika miwili. Kisha nenda kaitupie kwenye sanduku la posta, mkono wako uingie mpaka kifundo ili usibadili nia.

Mwakani hakuna, usahau mwakani. Mafungo ya mvua hayakungoji, na Mama Bunchu amekuwa muungwana kukupa nafasi ambayo mimi nisingekupa.

Na kuna hili la mwisho. Umetaka jina lako na cheo chako vichapishwe kamili, tumechapisha. Ulifikiria wanachama wenzako tu. Hukufikiria kwamba gazeti hili linafika sokoni kwenu kabla jua halijatoka, na kwamba wauza vitumbua ndio wanaolisoma kwanza huku wakingoja chungu kishike moto. Wewe unalisoma saa hizi ukifungua duka. Yeye amekwisha kulisoma. Amesoma habari ya penseli, na ya mkono mchafu, na ile "tutaona" yako, na wenzake wamemsomea kwa sauti pale ambapo macho yake yaliona kiza. Na kama ni mwanamke ninayemdhania, sasa anageuza vitumbua tu.

Funga duka. Usichane nywele, usitafute shati. Barua itafika keshokutwa. Wewe fika leo.