Mweria wa Baba Mdogo Randu

Mwakirunge, 3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi na bibi Hawe hatujambo, ila goti lake linamsumbua kila wingu likikusanyika. Wewe je? Vumbi la chai kwenye bohari lingali linakukohoza? Nimempa Winfred barua hii kwa kuwa anapeleka mboga Changamwe, na kwa kuwa kwenye simu maneno hunikwama, unanijua.

Mama, Baba mdogo Randu amelichukua shamba lako. Alikuja na kamba akapima, akasema marehemu baba aliachiwa kokoto tu. Sasa kwa kuwa kokoto zimekuwa udongo, shamba ni la wanaume wa ukoo. Hawe akamuuliza, "Kokoto hizo zimegeuzwa udongo na nani?" Mwanawe akaendelea kukunja kamba yake.

Jumamosi ameitisha mweria, wanawake wote wa kikundi chenu waje wamlimie kwa chakula cha mchana. Anataka yale mashimo mliyofundishwa na afisa wa kilimo yafukiwe, nyasi ulizotandaza zichomwe, apande mahindi shamba zima. Mwenyekiti wenu, Mueni, ameapa kwamba hatakwenda mtu. Randu naye anasema wasipokuja ataleta trekta.

Tangu nimalize Kidato cha Nne naona watu wanangoja niseme jambo, nami sisemi. Nilikuwa jikoni nikisikia yote. Sikutoka. Nilikuna nazi mpaka nikafika kwenye kifuu.

Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Mbeyu


Changamwe, 6 Machi

Mwanangu Mbeyu,

Marahaba. Kikohozi kipo, nami nipo. Msugue Hawe hilo goti kwa mafuta ya moto.

Nilipokuwa nikichimba mashimo yale, Randu alikuwa akipita na kucheka: "Shemeji, unazika nani?" Leo anataka kurithi! Nyasi zile nilizibeba kichwani kiangazi baada ya kiangazi. Mwaka jana mvua ilipokatika, mashimo yaliyaweka maji, na mtama wangu ukasimama wakati wa wenzangu umelala. Alichokiona ni hicho. Macho yake hayajalala tangu siku ile.

Mwambie Mueni asikanyage mtu pale. Na Randu abaki na kamba yake, ajipimie shingo.

Mamako


Mwakirunge, 16 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi tu wazima. Keti kwanza.

Tulikwenda. Sote. Na wazo lilikuwa langu.

Nilimfuata Mueni kisimani, nikamwambia huku nikiitazama ndoo yangu, "Akinyimwa ataleta trekta, na mahindi yasipoota atasema ni fitina ya wanawake. Akipewa kila alichotaka, atamlaumu nani?"

Mueni alinitazama sana. "Na huyu ndiye tunayesema hana mdomo!"

Siku ya mweria tulimuuliza kila jambo kwa sauti, Hawe akiwa kwenye kigoda chake palepale.

"Bwana Randu," Mueni akasema, "mashimo haya huzuia maji yasikimbie. Tuyafukie?"

"Fukieni! Shamba gani lina makaburi ya panya?"

"Na nyasi hizi? Zinaulinda udongo usikauke."

"Chomeni! Mnaniandalia shamba au kitanda cha ng'ombe?"

"Umesema tuchome?"

"We Mueni, kwenu Ukambani mtu huambiwa mara ngapi?"

"Mara tatu, baba. Sasa tumesikia."

Tukala sima yake na samaki wake mpaka tukalegea. Moto niliuwasha mimi. Njiti moja tu ilitosha, Mama. Mvua ndiyo itakayomjibu.

Mwanao,
Mbeyu


Changamwe, 20 Machi

Mbeyu,

Sina salamu. Ulichokichoma si cha Randu, ni mgongo wangu. Mvua ikiwa nzuri akavuna, utaniambia nini? Usiniandikie tena.


Mwakirunge, 8 Juni

Mama,

Shikamoo. Najua ulinikataza. Hawe anaendelea vizuri. Wewe sijui kama u mzima, kwa maana Winfred hurudi mikono mitupu kila mara.

Mvua ya Aprili ilishuka kwa kishindo. Ilipokosa pa kuingia, iliuchukua udongo wako na majivu na nusu ya mbegu za Randu, ikateremka navyo hadi shamba la Mueni lililo chini. Mashimo ya Mueni yakavipokea vyote. Kisha jua likawaka. Mahindi ya Randu yalifika magotini yakajikunja. Kunde za Mueni hazipitiki.

Randu akaja uani akipiga kelele kwamba tumemroga. Hawe akasimama bila mkongojo. "Uchawi gani huo unaoomba ruhusa mara tatu? Nilikuwepo. Nilisikia."

Majirani wakacheka, Mama. Nilikuwa nimekingoja kicheko kile kuliko mvua yenyewe.

Akasema basi, shamba tulichukue, amechoka nalo. Hapo nikatoka jikoni. Nikasema mbele ya watu wote, "Halirudi hivyo. Ulilikuta na mashimo na udongo. Chimba."

Aligeuka kumtazama mamaye amtetee. Hawe akamwambia, "Umemsikia."

Sasa anachimba. Udongo anaubeba kwa karai kutoka kwa Mueni, akipanda nao kilima, mikono imemtoka malengelenge. Wanawake hukaa kivulini wakimsimamia: "Bwana Randu, hilo ni shimo au kikombe cha kahawa? Ongeza!"

Jana aliniomba maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa ubavuni mwangu. Nikamwambia maji yake alishapewa, akayaacha yapite. Nililala vizuri sana.

Mwanao,
Mbeyu


Changamwe, 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Kifua kimepoa. Hasira haijapoa, ila sasa najua mahali pa kuielekeza, na si kwako. Barua yako nimewasomea wenzangu bohari nzima, msimamizi akatufokea, kisha akaomba nirudie pale penye uchawi.

Ijumaa nafungasha, narudi nyumbani.

Randu mpe maji, mtungi mzima. Mtu akizimia hachimbi, na mimi nataka nikifika nimkute jembe mkononi.

Mamako