Nani Atasimama Nyuma ya Rewi

Jumamosi, 11 Oktoba

Kashinda. Mwanangu Rewi ni meya. Niandike tena niione: meya. Huyu niliyemzaa mimi, mpishi wa shule. Simu iliingia nikikaanga mikate, ikaungua yote, tukaila hivyo hivyo. Redio inasema wilaya yetu haijawahi kupata meya asiyeficha kwamba mwenzi wake ni mwanamume. Mimi nasema haijawahi kupata mzuri wa sura kama huyu pia. Fergus wake kalia mpaka miwani ikaingia ukungu. Nikamwambia futa, baba, tutapigwa picha.

Laiti Piripi angekuwepo amwone mwanawe.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimetoka kwa Matiu, kaka wa marehemu mume wangu. Rewi akiapishwa atahutubia, na kwetu mtu akimaliza kuhutubia, watu wake husimama nyuma yake wakamwimbia. Asipoimbiwa, hotuba imebaki uchi, na yeye kaonekana hana kwao. Rewi anataka wimbo wa ukoo wa baba yake, ule tuliomzikia Piripi. Mwenye kuuanzisha sasa ni Matiu.

Nilimpelekea kome wa kukaanga. Kala wote. Ndipo akasema kura ni za mji, wimbo ni wa wazee, na wazee hawakumtungia mwanamume anayelala na mwanamume.

"Shemeji, si wewe uliyemfundisha wimbo huo, ukambeba mabegani?"

"Nilimfundisha mtoto wa kaka yangu."

"Na huyu ni nani?"

Nikachukua bakuli langu, halijaoshwa, nikaondoka.

Jumanne, 28 Oktoba

Matiu hajapiga simu. Ukoo mzima unamtazama yeye, asiposimama, hawasimami. Rewi kasema, Mama, tuimbe tu ule wa kanisani, kila mtu anaujua. Huyu aliyetukanwa mikutanoni asiinamishe kichwa, leo kainamisha.

Nikasema hapana. Sauti yangu inajulikana pwani yote hii. Tumefanya mazoezi sebuleni, madirisha wazi, mimi na Fergus. Lugha yetu anaitamka kama ng'ombe aliyekwama kwenye uzio, lakini maneno kayashika yote.

Wawili tu. Na ukumbi ule ulivyo mkubwa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Naandika garini, nje ya halmashauri. Watu wanaingia.

Matiu kaja. Kavaa koti alilomzikia Piripi. Hakunisalimu kwa kugusanisha pua, kama ilivyo desturi yetu, kainama tu dirishani.

"Shemeji, mnaanzia juu mno. Niliwasikia Jumanne nikipita barabarani. Ubeti wa pili mtakwama."

"Basi anzisha wewe."

Katazama ngazi. Fergus yuko pale juu, tai imepinda, ananisubiri.

"Huyo Mzungu anaujua wote?"

"Wote."

Kaguna. Kaondoka dirishani. Sasa kasimama kando ya lango, haingii wala haondoki, anafuta viatu kwenye nyasi, kimoja, halafu kingine, halafu kile cha kwanza tena. Rewi keshaitwa ndani. Fergus ananipungia mkono. Lazima niende —